Dohani ya nyumba ya Anne Hathaway imeandikwa 1697: Shakespeare aliota moto gani pale?

#1 Kombamoyo
Wakuu salaam. Nyumba ya Anne Hathaway, mke wa mwandishi William Shakespeare, iko Shottery, Uingereza, kama kilomita moja na nusu kutoka katikati ya Stratford-upon-Avon. Kila kadi ya posta inaiita nyumba aliyoposea Shakespeare. Sasa tazameni dohani yake: kuna jiwe limechongwa I.H. 1697. Shakespeare alioa mwaka 1582, akafa 1616. Dohani imekuja miaka 81 baada ya yeye kuzikwa. Na kama dohani haikuwepo, ghorofa nayo haikuwepo, kwa sababu moto wa sakafuni na chumba cha kulala juu yake havikai pamoja. Alichokikuta yule kijana ni ukumbi ulio wazi mpaka kwenye mwamba wa paa, moto katikati, moshi unajitafutia njia kwenye nyasi. Hiyo picha ya wachumba kwenye benchi pembeni ya tundu la moto ni ya kuuzia watalii. Anayebisha alete ushahidi wa mbao.

#2 Tezo_Kali
Mkuu, mwaka uliochongwa kwenye jiwe unakwambia nani alikuwa na hela mwaka huo, basi. I.H. ni John Hathaway. Enzi hizo I na J zilikuwa herufi moja. Maelezo ya kawaida ya jiwe lile ni kwamba alitengeneza dohani, hakuianzisha.

Fikiria dohani inavyokufa. Kipande kilicho juu ya paa kinapigwa mvua na jalidi pande zote nne. Ndani, masizi yakilowa yanatoa tindikali inayokula chokaa ya viungo. Kichwa kinaanza kuinama. Kinabomolewa mpaka usawa wa paa na kujengwa upya, huku tumbo la chini limekaa palepale karne kadhaa. Jiwe la mwaka linawekwa juu kwa sababu kazi ilifanyika juu, na juu ndiko jirani anakoliona.

#3 Bi_Chokaa
Naongezea kwa #2: pimeni matofali, msipime jiwe. Mwaka 1571 waashi wa London walipewa kipimo cha tofali: inchi 9 kwa 4¼ kwa 2¼. Vijijini hawakukifuata kwa rula, lakini tofali jembamba la inchi 2 hadi 2¼ ni dalili ya karne ya 16 na ya 17. Kodi ya matofali ilipoanza 1784 ilitozwa kwa idadi, kwa hiyo wachomaji wakanenepesha tofali, nyingine zikafika inchi 3. Ukiona tumbo la dohani lina tofali nyembamba zisizonyooka na shingo ina tofali nene zenye kingo kali, umeshapata tarehe mbili kwenye dohani moja.

Angalizo: matofali hutumika tena. Bomoa dohani ya 1580, jengea shingo ya 1697, tofali haitakwambia kitu. Tazama chokaa ya viungo pia. Ya zamani ina vidonge vyeupe ambavyo havikuchanganyika vizuri na vijipande vya mkaa wa tanuru.

#4 MasiziMatupu
Mnazunguka tu. Jibu liko darini. Ukumbi uliokuwa na moto wazi unaacha masizi kwenye makombamoyo (mbao za mteremko wa paa), kwenye mapao, na wakati mwingine kwenye tabaka la chini kabisa la nyasi. Kule Devon kuna mapaa ambayo nyasi za chini ni nyeusi tii tangu zama za kati, kwa sababu mwezekaji anaongeza tabaka juu na ya chini hayagusi.

Namna ya kutofautisha masizi ya moto wazi na mengine: yawe yameenea sawasawa pande zote za ubao zilizokuwa wazi, lakini yasiwepo ndani ya kiungo wala mahali ubao mwingine ulipogusa. Masizi ya dohani iliyopasuka yanakaa karibu na ufa tu, kama alama ya mkono. Rangi nyeusi iliyopakwa inaingia hata kwenye nyufa mpya za ubao, masizi hayaingii, maana nyufa hizo hazikuwepo wakati moto unawaka. Tazama pia pale boriti ya ghorofa ilipotiwa kwenye nguzo ya zamani. Kama tundu lake limekata ndani ya sehemu yenye masizi na ndani ya tundu ubao ni safi, ghorofa imekuja baadaye. Mwisho wa mchezo.

#5 Mgeni_Mwema
Samahani wakuu, mimi mgeni wa hizi mambo. Hii nyumba ni ya fremu ya mbao ya aina gani? Nimesoma mahali kuna kitu kinaitwa kruki.

#6 Tezo_Kali
Karibu. Kuna familia mbili kubwa. Ya kwanza ni fremu ya sanduku: nguzo zinasimama kwenye boriti ya msingi, juu zinabeba mbati (ubao mrefu unaolala juu ya ukuta), boriti ya kufunga inavuka kutoka mbati hadi mbati, na paa linakaa juu yake kama kofia. Ya pili ni kruki. Unachagua mwaloni uliopinda, unaupasua katikati kwa urefu, unapata nusu mbili pacha. Unazisimamisha zikitazamana, miguu karibu na ardhi, vichwa vikikutana chini ya mwamba. Hizo nusu mbili ni ukuta na paa kwa pamoja. Mzigo wa paa unashuka moja kwa moja mpaka chini, ukuta wa pembeni ni wa kuzuia upepo tu.

Sehemu ya zamani ya nyumba ya Shottery ni ya kruki. Shakespeare Birthplace Trust, wanaoimiliki tangu 1892, wanaitaja 1463. Sehemu ya juu, ile ndefu zaidi, ni fremu ya sanduku iliyoongezwa mwanzoni mwa karne ya 17, baada ya Bartholomew, kaka yake Anne, kuinunua nyumba moja kwa moja mwaka 1610. Ukiwa bustanini unaona mstari wa paa unavyopanda ngazi. Ngazi hiyo ndiyo mshono wa karne mbili.

#7 Kombamoyo
Asante Tezo kwa darasa. Lakini ona, umenisaidia. Kumbe hata hiyo sehemu ndefu yenye vyumba vya maana imekuja wakati Shakespeare ana miaka arobaini na ushee na watoto wakubwa. Nyumba aliyoposea ilikuwa nusu ya hii.

#8 Karani_wa_Kijiji
Marekebisho mawili. Kwanza, enzi hizo hapakuitwa nyumba ya Anne. Lilikuwa shamba, Hewlands. Kuna wanaoandika Newlands. Jina la sasa ni la watalii.

Pili, baba yake Anne, Richard Hathaway, aliandika wasia mwaka 1581, na ndani yake anataja vitanda viwili vya seremala vilivyokuwa sebuleni, visiondolewe mjane na mwana wakiwa hai. Sebule yenye vitanda maana yake ni chumba kilichotengwa na ukumbi. Kwa hiyo hoja ya "ukumbi mmoja" ya #1 imepata tundu mwaka mmoja kabla ya ndoa.

#9 Tofali_Jembamba
Tundu dogo sana hilo Karani. Sebule kuwepo hakuondoi ukumbi wazi. Nenda Singleton, Sussex Magharibi, kwenye jumba la makumbusho la Weald and Downland, ukaone Bayleaf. Ni nyumba ya shamba iliyong'olewa Chiddingstone, Kent, kupisha bwawa la Bough Beech, ikasimamishwa upya pale. Ukumbi wake ni wa mwanzo wa karne ya 15, upande wa wenye nyumba uliongezwa kama 1510. Katikati ukumbi wazi, moto sakafuni, hakuna dohani hata moja. Pembeni kuna vyumba vya chini na vya juu, vyote vimekingwa na moshi kwa ukuta wa fito na udongo. Mtu analala juu ya sebule, na hatua nne kutoka hapo moshi unazagaa kwenye makombamoyo. Miaka mia iliongezeka na bado hawakuona haja ya dohani.

#10 Kombamoyo
Tofali_Jembamba nakulipia kahawa.

#11 Bi_Chokaa
Usilipe bado. Kati ya moto wa sakafuni na dohani ya matofali kuna hatua ambayo wote mmeiruka. Kusini-mashariki walitenga kijisehemu chembamba cha ukumbi, mita moja na nusu hadi mbili, wakakizungushia ukuta wa fito na udongo mpaka kwenye mwamba, moto ukawekwa humo. Moshi umefungiwa, nusu nyingine ya ukumbi inaweza kuwekwa ghorofa. Dalili yake ni makombamoyo mawili matatu meusi kabisa, na majirani zake masafi.

Hatua ya pili ni dohani ya fito yenyewe: fremu nyembamba ya mbao inayobanana kadiri inavyopanda, imekandikwa udongo ndani na nje. Inafanya kazi vizuri mpaka udongo unapopukutika na cheche kugusa fito. Ndiyo maana nyingi zimepotea. Zilibadilishwa kwa matofali, na tofali ikakaa palepale pa fito.

Sasa unganisha: ghorofa ya zamani ya karne ya 16, dohani ya fito, halafu 1697 John anaibomoa na kuweka ya jiwe na tofali. Nyote wawili mnaweza kuwa sahihi.

#12 Tezo_Kali
Bi Chokaa, hiyo ni nadharia nzuri lakini kijisehemu cha moshi ni ugonjwa wa Surrey, Sussex na Kent. Warwickshire nyumba za kruki mara nyingi ziliruka moja kwa moja kwenye dohani nzito ya jiwe iliyopachikwa kwenye njia ya kupita kati ya milango miwili. Na pale Stratford jiwe la chokaa la buluu lilikuwa linachimbwa jirani. Fundi mwenye jiwe mlangoni atahangaika na fito kwa nini?

#13 Bi_Chokaa
Kwa sababu fito ni bure, Mkuu. Jiwe linataka mkokoteni, ng'ombe na mwashi.

#14 MasiziMatupu
Tazameni mbao za ghorofa, hapo hakuna cha bure. Sakafu ya zama za kati ina mapao mapana yaliyolazwa ubapa, upana mkubwa kuliko kimo. Baadaye mafundi wakaelewa kwamba ubao uliosimama kwa kimo unabeba zaidi, wakaanza kusimamisha. Halafu boriti kuu: kama ghorofa ilikuwepo tangu mwanzo, boriti imeingia kwenye nguzo kwa ulimi na kigingi. Kama imepachikwa, utakuta imeegemea matofali ya dohani upande mmoja, na upande wa pili imening'inizwa kwenye nguzo ya nyongeza iliyobandikwa kando ya ile ya zamani. Kingo zake zimechongwa mshazari, na mwisho wa mshazari kuna kikomo chenye umbo la ulimi wa kondoo. Kikomo cha namna hiyo kinapendwa mwishoni mwa karne ya 16 na kuendelea. Kikomo kikizama ndani ya dohani, boriti ilikuwepo kabla ya dohani. Kikisimama sentimita chache kabla ya tofali, seremala alikuwa anaiona dohani wakati anachonga.

Huu mtihani wa mwisho ndio ninaouamini kuliko mingine yote.

#15 Mzee_Randa
Nimekaa kimya nasoma. Hakuna aliyetaja matundu matupu. Kwenye nyumba hizi boriti zimejaa matundu yasiyo na ulimi ndani. Wenye mabaa kule wanakwambia ni mbao za meli za kivita zilizovunjwa. Vijana mnasemaje?

#16 Tofali_Jembamba
Mzee shikamoo. Hiyo hadithi ya meli iko kila kijiji, hata vilivyo kilomita mia na zaidi kutoka baharini. Mbao za meli zimechongwa kwa mpindo wa ubavu, zimetobolewa na bolti za chuma na vigingi vinene bila mpangilio wa nyumba. Tundu la nyumba linajieleza. Tundu la mstatili chini ya boriti ya kufunga, lenye shimo la kigingi pembeni: hapo palisimama nguzo ya ukuta wa kugawa uliotolewa. Tundu la mshazari: kipande cha kukaza kona kimekatwa ili mlango upite. Mfululizo wa vitundu vyenye umbo la almasi upande wa chini wa boriti, na vingine kama hivyo vinavyovitazama kutoka juu ya ubao wa chini: dirisha la zamani lisilo na kioo, lenye vijiti vilivyosimamishwa pembe mbele. Ukiona na mfereji mrefu kando yake, humo ndimo ubao wa kufungia dirisha ulimoteleza. Hiyo alama ya almasi ni sahihi ya karne ambazo kioo kilikuwa cha matajiri.

Mbao za meli kweli zipo, lakini zina vyeti. Kwenye kiwanda cha meli za kivita cha Chatham, mwaka 1995 zilikutwa chini ya sakafu ya karakana ya magurudumu, na duka la Liberty pale London la 1924 lilijengwa kwa mbao za meli za kivita HMS Impregnable na HMS Hindustan. Kwa hilo la Liberty, mwenye baa anaruhusiwa kujivuna.

#17 Mzee_Randa
Marahaba. Hilo la almasi limenikaa.

#18 Jalidi
Nawaondoa kidogo kwenye dohani. Mbona hakuna anayesema kuhusu rangi? Boriti nyeusi kuta nyeupe, kila mtu anadhani ndio utamaduni. Mwaloni ukiachwa hewani unakuwa wa kijivu cha fedha. Katika maeneo mengi walipaka chokaa juu ya kila kitu, mbao na udongo pamoja, wakati mwingine na rangi ya udongo mwekundu au njano. Weusi ulienea karne ya 19, lami ya makaa ya mawe ilipokuwa rahisi kutoka viwanda vya gesi na watu wa enzi ya Victoria walipotaka nyumba za kale zionekane za kale.

#19 Karani_wa_Kijiji
Jalidi nakubali nusu. Upande wa magharibi, Cheshire na jirani zake, kuna wanaosema mbao zilitiwa giza mapema kuliko hapo. Na usichanganye na Suffolk ambako nyingi zilifunikwa lipu yote, hakuna hata boriti moja iliyoonekana nje. Mtu anayeng'oa lipu hiyo leo ili "afichue mbao" anafichua nguzo nyembamba ambazo hazikuchongwa zionekane, na anaipa mvua mlango.

#20 Bi_Chokaa
Afadhali anayeng'oa kuliko anayepiga saruji. Hapo ndipo nyumba hizi zinapouawa, niwaeleze kwa hatua.

Mwaloni ukikauka unasinyaa. Kati ya ubao na lipu panabaki ufa wa milimita tatu, nne. Chokaa ni laini, inapumua: maji yaliyoingia yanatoka. Saruji ngumu inakataa. Maji yanapenya ufani, yanashuka nyuma ya saruji, yanakaa juu ya boriti ya msingi. Unyevu wa ubao ukizidi asilimia 20 kuvu anaanza. Baada ya kuvu anakuja yule mdudu anayegonga kichwa kwenye kuta za njia yake usiku. Tundu lake la kutokea ni kama milimita 3, kubwa kuliko la dumuzi mdogo wa fanicha. Nje saruji imenyooka, mwenye nyumba anafurahi. Unatoboa kwa bisibisi, inazama mpaka mpini.

Dawa: ondoa saruji kwa patasi na nyundo nyepesi, usitumie mashine ya kutikisa. Jeki na nguzo za muda kabla ya kugusa boriti ya msingi. Mguu wa nguzo uliooza unakatwa mpaka penye ubao mzima, unaungwa kwa kiungo cha mshazari kirefu, angalau mara mbili hadi tatu ya unene wa nguzo. Bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu, kwa sababu tanini ya mwaloni inakula chuma cha kawaida na kuacha madoa ya buluu. Na tafadhali, mwenye bunduki ya povu na silikoni asisogee.

#21 Mgeni_Mwema
Na ule udongo wa kati ya mbao unarudishwa vipi? Au siku hizi wanaweka tofali tu?

#22 Bi_Chokaa
Tofali kati ya fremu ilikuwa fasheni ya karne ya 17 na 18, na inatesa: nzito, inapindisha mbao za mlalo, inashika maji. Udongo ni mwepesi na unafuata fremu inapocheza.

Vijiti vya mwaloni vilivyopasuliwa: ncha ya juu imechongwa iingie kwenye matundu ya chini ya boriti, ncha ya chini inaingizwa kwenye mfereji na kugongwa kando mpaka ikaze. Hapo unasuka fito za hazeli, unene wa kidole. Udongo wenye mfinyanzi, mchanga ukipungua ongeza, mabua ya ngano yaliyokatwakatwa, samadi ya ng'ombe. Unakanyaga mpaka ushike mguu. Watu wawili wanakandika kwa wakati mmoja, mmoja ndani mmoja nje, ili udongo ukutane katikati ya fito. Ukikauka unapasuka na kujivuta pembeni. Jaza hizo nyufa, ni kawaida. Acha uso wake ndani kidogo ya ubao ili lipu ije sawa na mbao. Lipu: chokaa ya kulowekwa sehemu 1, mchanga mkali 3, manyoya ya mbuzi, tabaka mbili za kama milimita 9 na ya mwisho nyembamba. Halafu chokaa ya kupaka, nyepesi kama maziwa, mara nne au tano. Ikishuka chini ya nyuzi 5 usipige.

#23 Mzee_Randa
Binti yangu, hapo hujaeleza Uingereza, umeeleza nyumba ya fito ya Pwani. Hazeli ndiyo mgeni pekee.

#24 Jalidi
Hahaha. Tofauti ni boriti, Mzee. Lamu chumba ni chembamba kwa sababu boriti ya mkoko haitaki zaidi ya mita 3. Kule nafasi kati ya fremu na fremu mara nyingi ni futi 16, karibu mita 4.9. Kwa nini 16, hapo wanapigana: wengine wanasema ni zizi la ng'ombe wanne, wengine ni kipimo cha fimbo ya kupimia shamba, wengine ni urefu wa mwaloni wa kawaida kabla haujaanza matawi.

#25 Tezo_Kali
Ng'ombe wanne ni hadithi ya vitabuni. Nyumba nyingi hazina 16 hata kidogo, zina 12, 14, 18, na nafasi mbili za nyumba moja hazilingani.

Na kwa kuwa tumefika huko: kruki nayo ina kitendawili hichohicho. Zimeorodheshwa zaidi ya 4,000 Uingereza na Wales, lakini Essex, Suffolk na Kent karibu hazipo. Mialoni iliyopinda ilikuwepo kote. Wengine wanasema ni desturi ya makabila ya kale, wengine ni mashariki walitajirika mapema wakazibomoa, wengine ni mafundi wa mashariki walihamia kwenye sanduku kwa ajili ya ghorofa. Kila jibu lina kaunti moja inayolikataa.

#26 Tofali_Jembamba
Rudi kwenye tarehe. Kwa nini tusiseme tu: pimeni pete za miti kwenye ubao wa juu ya tundu la moto? Unatoa kipande chembamba kama penseli, unahesabu pete, unalinganisha na jedwali la pete ambazo miaka yake inajulikana. Mwaloni ulichongwa mbichi, kwa hiyo mwaka wa kukatwa na mwaka wa kujenga hukaribiana sana. Gome likiwepo unapata hata majira.

#27 MasiziMatupu
Gome ndilo tatizo. Seremala alichonga ule ubao mweupe wa nje, wadudu wakala uliobaki. Ukikosa pete ya mwisho unakisia: kusini mwa Uingereza ubao mweupe una pete 9 hadi 41. Hiyo ni dirisha la miaka zaidi ya 30, na ubishi wetu unahitaji kujua kama ni kabla au baada ya 1582. Ubao wenye pete chini ya 50 hivi mara nyingi haukubali jedwali kabisa. Na ubao wa juu ya moto ndio unaotolewa nyumba nyingine mara nyingi kuliko wote, kwa sababu ni mnene na hakuna anayeutupa.

Usisahau pia moto wa 1969. Sehemu ya nyumba ile iliungua na kukarabatiwa. Kabla ya kutoboa, hakikisha hutoboi ubao wa juzi.

#28 Karani_wa_Kijiji
Kwa wanaoamini macho kuliko pete: Wilmcote, jirani hapo, watu walionyeshwa kwa miaka mingi nyumba nzuri ya boriti kuwa ya mama yake Shakespeare, Mary Arden. Mwaka 2000 ikagundulika ni ya jirani, Adam Palmer. Ya Mary ilikuwa ya pembeni, Glebe Farm, imevikwa matofali, hakuna aliyeitazama mara mbili. Mbao za ndani zikapimwa: karibu 1514.

#29 Kombamoyo
😂 Kwa hiyo watalii walipiga picha jirani.

#30 Jalidi
Swali dogo kabla sijalala. Kwenye ubao wa juu ya tundu la moto kuna alama za kuungua zenye umbo la tone la maji. Mshumaa ulisahaulika?

#31 Tezo_Kali
Mshumaa uliosahaulika unachoma juu kwa ulimi mrefu wa masizi. Tone safi lenye kina linataka mwali ushikwe kwa kuinamishwa, kwa dakika nyingi, na majivu yakwanguliwe ili liingie ndani. Mtu alikusudia. Kinga ya moto, kinga ya wachawi, au seremala alizichoma ubao ukiwa bado chini. Kuna nyumba alama ziko kichwa chini, na hazingeweza kuchomwa hivyo ubao ukiwa mahali pake.

#32 Bi_Chokaa
Au mtoto wa nyumba alikuwa anacheza na moto. Hiyo hamuitaji kamwe.

#33 Kombamoyo
Nimesoma yote. Nakubali jiwe linaweza kuwa la kichwa cha dohani tu. Nakubali sebule ya 1581. Dohani ya fito ya Bi Chokaa siikubali wala siikatai. Lakini hakuna aliyejibu mtihani wa #14: kikomo cha mshazari kwenye boriti kuu ya ukumbi kinazama kwenye dohani au kinasimama kabla? Mwenye picha ya karibu ya kona hiyo, bila fleshi, aiweke hapa. Mpaka hapo nabaki na 1697 yangu.

#34 MasiziMatupu
Picha ichukuliwe na taa ya pembeni, iliyolazwa kwenye ubao. Ukimulika kutoka mbele mshazari haionekani. Na uombe ruhusa ya wenye nyumba. Ni jengo linalolindwa kisheria, daraja la I, la juu kabisa: hata kukwangua lipu kidogo utajibu mahakamani.